Nilivyoisemea Filamu Bubu

Shida yangu ilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa kwa homa ya siku nne, mama akabaki na watoto watano na shamba lililochoka kule Kitanga. Mimi nilikuwa darasa la pili. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alikuja akanichukua nikamchungie ng'ombe wake, na kalamu yangu nikamwachia dada. Sikurudi tena shuleni. Kiswahili ninakisoma kikiandikwa kwa herufi kubwa na kama sina haraka. Zaidi ya hapo sijui. Haya unayoyasoma nimeyasema kwa mdomo na binti yangu wa tatu ameyaandika, na kila alipotaka kuninyooshea maneno nilimwambia arudishe kama nilivyosema.

Ninaeleza hivyo mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya kusoma na kutojua kusoma, na sitaki mtu aseme nilimficha. Niliwaficha watu mara moja tu maishani, lakini mara hiyo moja ilichukua miaka ishirini na sita.

Nilipofika miaka kumi na minane nilipanda treni na Waha wenzangu kwenda Tanga kukata mkonge. Muha wa umri wangu haulizi safari hiyo ni ipi. Nilikata mkonge miaka mitano, halafu nikapata kazi ya kufagia ukumbi wa sinema mjini. Pale walionyesha filamu za Kihindi, na mbele kabisa, karibu na pazia, alikaa kinyozi mmoja aliyekuwa akiwaelezea watu wasiojua Kihindi. "Sasa anamwambia mama yake hataki kuoa. Sasa mama analia." Watu walimpenda kuliko waigizaji. Kabla ya kila filamu mpya, yule kinyozi alikwenda kwanza kwa Wahindi wa dukani kuuliza maneno, akirudi anayo yote kichwani. Mimi nilijifunza kazi yake nikiwa na ufagio mkononi. Nilijifunza sauti, nilijifunza kungoja, nilijifunza kulia kama mwanamke na kucheka kama jambazi. Ile ya kwenda kuuliza kwanza sikuichukua. Niliona inachelewesha.

Nikarudi Kasulu na televisheni moja, deki moja na jenereta ndogo, vitu nilivyovipata kwa jasho, sikupewa na mtu. Nikajenga banda la mabati karibu na soko, nikaweka benchi, nikaziba madirisha kwa turubai. Mlangoni nikaandikisha: MTAFSIRI ANAJUA LUGHA SABA. Kiingereza, Kihindi, Kichina, Kikorea, Kifilipino, Kiarabu na Kifaransa. Ukweli ni kwamba nilijua Kiha, Kiswahili na Kirundi, na matusi ya makabila mengine niliyoyaokota kwenye mkonge.

Lakini kazi niliiweza. Filamu ikianza, nashika kipaza sauti, napunguza sauti ya filamu, naanza. Nilikuwa nawapa wale watu wa filamu maisha ya hapa kwetu ili yaeleweke. Kulikuwa na Mchina mmoja mpiganaji, anapiga watu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sikujua anawapigia nini. Nikasema ameposa kijijini Muyama, mahari yake yameliwa na wajomba wa binti, na binti kaozwa kwingine. Watu walilia. Mchinja nyama wa sokoni, mtu mzima mwenye wake wawili, alikuja kuitazama ile filamu mara nne. Watu walitoka Kibondo, wengine walitoka Mabamba mpakani, wakishuka kwenye gari wanauliza, "Kwa Mtafsiri ni wapi?" Jina langu la kuzaliwa lilipotea. Hata ofisi ya kata waliniita Mtafsiri. Usisahau hilo jina, kwa sababu ndilo lililokuwa hatarini siku ninayotaka kuieleza. Sikuwa na cheti, sikuwa na ukoo mkubwa. Nilikuwa na hilo jina.

Kisha simu zikaja. Kila mtu akawa na banda lake la video mfukoni. Benchi zikaanza kubaki wazi, na waliokuja walikuja kwa ajili ya mpira, ambao hautaki mtafsiri.

Ndipo nikaenda Kibondo kutafuta waya kwa rafiki yangu mwenye duka, mzee wa Kiislamu, babu yake alitoka Pwani. Tunamwita Alhaji na amekwenda kweli. Akaniona, akacheka.

"Asalaam aleikum, Mtafsiri. Nina kitu chako. Kimekuja kwenye katoni ya vyombo kutoka ng'ambo ya Mabamba, hakuna aliyekiagiza."

"Kitu gani?"

"Filamu. Nimeiweka jana, nikapigapiga spika nikidhani zimekufa. Nimebadilisha waya. Nimemtukana fundi kwenye simu. Kumbe filamu yenyewe ndiyo haisemi."

"Haisemi vipi?"

"Bubu. Wanafungua midomo, hakuna kinachotoka. Ya kale hiyo, nyeusi na nyeupe. Lakini watu waliomo humo, wallahi, ni kama Hija. Na farasi. Na ukuta unajengwa mpaka mawinguni. Saa tatu nzima. Nani ataitazama? Chukua bure."

Niliichukua nikaipachika Kasulu, sebuleni, mchana, mimi na mke wangu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Palikuwa na mfalme anayetaka mto uhame upite mbele ya nyumba yake. Palikuwa na watu wengi kama siafu wakibeba mawe. Palikuwa na jemadari juu ya farasi mweupe, mrefu, mzuri wa uso. Palikuwa na vijiji vya mlimani, watu wakitoka na mizigo kichwani, mamia kwa mamia, mstari hauishi. Na kila baada ya muda picha inakatika, kunakuja maandishi meupe ndani ya ubao mweusi wenye maua pembeni, kisha picha inarudi.

Mke wangu akauliza, "Maandishi yanasema nini?"

"Mambo ya wafalme."

"Mambo gani?"

"Ya wafalme, nimekwambia."

Akaendelea kuchambua maharage yake.

Mimi moyo ulikuwa unaruka. Nilijiambia hii filamu imekuwa ikinisubiri mimi. Filamu zote nyingine zina sauti zao, na siku hizi vijana wameanza kujua Kiingereza, wananikosoa kwa chini. Hii haina sauti. Hakuna atakayenishinda humo. Na kwenye simu haipo, nilimwomba binti yangu aitafute hakuiona. Yale maandishi niliyachukulia kama mapambo. Nilisema nani Kasulu atayasoma hayo? Hapo ndipo nilipokosea, kosa la mtu aliyezoea kuwadanganya wasiosoma na kusahau kwamba wanaosoma nao wanapita sokoni.

Nilitangaza wiki nzima. Pikipiki ilizunguka na spika: "Filamu kubwa kuliko zote! Mfalme aliyehamisha mto! Jumamosi saa nane mchana kwa Mtafsiri!" Nilimwita mzee mmoja wa Muyama anayepiga inanga, ile zeze yetu ya kulaza mapajani, akae pembeni ya televisheni apige chini chini. Nilinunua shati.

Siku hiyo benchi zilijaa, watu wakakaa chini, wakasimama ukutani. Walikuwepo Waha wa vijijini waliokuja sokoni, walikuwepo wenye maduka, walikuwepo vijana wa bodaboda. Na katikati, benchi mbili nzima, walikaa Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waliopata kibali cha kuja sokoni siku ile, wengi akina mama wenye mafungu ya vitenge miguuni. Mke wangu alikuwa mlangoni akipokea viingilio. Nilimwona akinitazama, nikamkonyeza. Akageuka kuhesabu chenji.

Saa ya kwanza nilikuwa mfalme kuliko yule mfalme. Jemadari wa farasi mweupe nilimpa sauti yangu bora, ile nzito. Nilimwita Mkombozi. Nikasema anataka kuwapelekea watu maji, wakulima wapate mavuno mara tatu kwa mwaka. Kila akitokea nasema, "Makofi kwa Mkombozi!" na banda zima linapiga makofi. Mzee wa inanga alikuwa ameshika mwendo, anajua lini apige na lini anyamaze. Nilijisikia kijana.

Kisha tukafika kwenye vijiji.

Sasa, filamu za zamani zile watu wake hawatembei kama sisi. Wanakwenda mbio mbio, kwa kukatika katika, kama kuku aliyemwagiwa maji. Mtu akibeba mzigo anauyumbisha kama mlevi. Nilikuwa nimeliona hilo nyumbani na sikulijali. Ile mistari ya watu ilipoanza kushuka mlimani, vijana wakaanza kucheka. Nami ni mfanyakazi, nikisikia kicheko nakifuata. Kwenye picha akaja mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, sufuria kichwani, moshi nyuma yake. Anainama anamwambia neno yule wa mkononi. Yakaja maandishi. Nami nikasema kwa sauti ya kike:

"Kimbia mwanangu, nimeacha ugali jikoni umeungua mpaka nyumba!"

Banda likalipuka. Watu walipigana mabega. Mchinja nyama alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Zile benchi mbili za katikati hazikucheka. Niliona kama meno yaliyong'oka katikati ya mdomo. Akasimama mama mmoja, mtu wa miaka hamsini hivi, kitenge cha kijani, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Papa, excusez. Haiko vile."

"Nini haiko vile, mama?"

"Kwa ile maandishi. Baliandika: mama anaambia mutoto, usiangalie nyuma."

Inanga ikanyamaza. Mimi mwili ulikufa ganzi kuanzia kwenye masikio. Nimeshakatwa na mkonge, nimeshaangukiwa na paa, sikuwahi kusikia ganzi kama ile. Filamu ikawa inaendelea nyuma yangu, watu wanashuka, wanashuka, hakuna anayewasemea.

Nikajaribu kujitetea, ndiyo. Kipaza sauti kilikuwa changu.

"Mama, hicho ni Kifaransa cha zamani. Cha wafalme. Nyinyi mlisoma cha juzi."

Watu wakacheka kidogo, wakanipa nafasi. Yule mama hakukasirika.

"Sawa, papa. Miye nilikuwaka enseignante, nilisomesha watoto kule kwetu. Lakini pengine nimesahau. Ile inakuja sasa, soma weye."

Na ikaja. Mistari mitatu. Nikageuka nikaitazama, watu wote wananitazama mimi. Herufi moja moja nilizijua. M niliiona. A niliiona. Nikafungua mdomo, na spika zangu mbili kubwa zikatoa pumzi yangu tu, huu, huu, kama mtu anayepuliza moto. Maandishi yakaondoka.

Kijana wa bodaboda akasema, "Mzee, mtandao umekata?"

Mwingine: "Kumbe tunapigwa fiksi tangu tuko chekechea!"

Kisha nikasikia sauti ya mchinja nyama, taratibu, kama mtu aliyeamshwa. "Ngoja kwanza. Mtafsiri. Na yule Mchina wa mahari ya Muyama?"

Nikajifanya nanyoosha waya wa kipaza sauti.

"Nakuuliza wewe. Na yule naye?"

"Na yule naye."

"Mawe we!" akasema, akamwita mama yake kama mtoto. "Mimi nilifunga Ijumaa nzima kwa ajili ya yule Mchina! Nilimwombea!"

Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Wengine wanadai viingilio vyao, wengine wanasema mzee aachwe, wengine wanamzomea mama Mkongo kwamba amekuja kuharibu starehe ya watu. Mke wangu akasimama mlangoni akapaza sauti, na sauti yake haihitaji spika: "Anayetoka atarudishiwa chake. Anayekaa akae kimya. Msinivunjie benchi!"

Nikampa yule mama kipaza sauti. Watu wamekuja kunisifu baadaye kwa hilo, eti nilionyesha unyenyekevu. Hapana. Nilikuwa na hasira. Nilitaka aone kazi ilivyo ngumu, asimame pale mbele atetemeke, aboronge, watu waniite nirudi. Nikamwambia, "Haya, sema wewe," nikaenda kukaa kwenye nafasi yake, kati ya wale Wakongo. Hakuna aliyesogea kunipisha vizuri.

Na alisoma vibaya. Nasema kama ilivyokuwa. Alisoma kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Maandishi yakija anayasema kwa Kiswahili chake, yakiondoka ananyamaza, mikono ameishika mbele. Hakuna sauti ya mfalme, hakuna sauti ya mtoto. Kijana mmoja akapiga kelele, "Rudisha Mzee! Huyu mama anatupa misa!" Watu kama nusu walitoka katika robo saa ya kwanza.

Lakini mimi sikuwahi kukaa kwenye benchi langu. Miaka ishirini na sita nilikuwa nasimama pembeni ya televisheni, natazama nyuso za watu, si filamu. Sasa nikaitazama. Na yule mama kila akinyamaza, hapakuwa na kitu ila inanga, mzee alikuwa ameanza tena, kwa kidole kimoja.

Nikaona mzee ameshika mwimo wa mlango wa nyumba yake, askari wanamvuta, vidole havitoki. Nikaona wanawake wanazima moto wa jikoni kwa maji kabla ya kuondoka, jambo ambalo hakuna mtu anaweza kulitunga kama hajawahi kuwaona watu wakihama. Wala hawakuwa wakichekesha tena. Ukiwatazama kwa muda mrefu ule mwendo wa kuku unakwisha, unaona tu kwamba wana haraka.

Kisha jemadari akarudi na farasi wake mweupe. Mkombozi wangu. Anapita kando ya mstari, ana fimbo, anawagusa watu mabega mmoja mmoja. Maandishi yakaja, mama akasoma:

"Anasema: wazima kwa ukuta. Wazee na watoto, acha kwa bonde. Mto utakuja kesho."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Alikuwa anawachagua kama ng'ombe wa mnada. Wanaobeba mawe huku, wasioweza wanaachwa mto uwamalize. Tangu mwanzo ndiye aliyekuwa mwovu wa filamu nzima, na maandishi yalikuwa yanasema hivyo tangu mwanzo, ubao baada ya ubao. Tulikuwa tumempigia makofi saa nzima. Makofi yenyewe niliyaomba mimi, kwa sauti yangu bora.

Nilitazama pembeni. Mkongo mwanamume aliyekaa karibu yangu alikuwa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake, na ndivyo alivyokaa mpaka mwisho. Yule mama mbele alifika kwenye ubao mmoja akasoma nusu, akaanza tena kutoka juu. Sikumuuliza kwa nini. Mpaka leo sijamuuliza.

Mwisho wa filamu mto unavunja ukuta. Unaingia mjini kwa mfalme. Maji, farasi, watu, paa za nyumba, vyote vinakwenda. Hapana aliyeshinda. Ukaja ubao wa mwisho, mama akasema, "Imeisha," akaweka kipaza sauti juu ya televisheni.

Nje walikuwa wanagombana. Hata waliotoka mapema walikuwa hawajaondoka, wamesimama juani wanabishana. Mwenye duka la mbolea alisema ni uchafu, watu waliokufa zamani wanakimbiakimbia, saa tatu zake zimepotea. Mwanamke wa Kiha aliyebeba kuku wa kuuza alisema hajawahi kuona kitu cha kweli namna ile na atamleta mumewe. Wengine walisema tatizo ni mama, filamu ingekuwa nzuri kama ningeachwa. Wengine walisema tatizo ni mimi, ningechapwa. Mchinja nyama hakusema na mtu. Alipita mbele yangu kama anayepita mti.

Kasha la ile diski lilikuwa mfukoni mwangu. Nikampa yule mama, nikamwambia kwa ukali, maana ukali ndio uliokuwa umebaki, "Na hapa nyuma wameandika nini?"

Akavaa miwani. Akasoma polepole. Kwamba aliyeitengeneza aliuza nyumba yake na ya mke wake. Kwamba alikusanya watu wengi kama jeshi. Kwamba siku ya kwanza ilipoonyeshwa huko kwao, nusu ya ukumbi walisimama wakapiga makofi, nusu wakapiga miluzi wakatoka, na magazeti mengine yalisema ni ajabu ya dunia na mengine yalisema ni pesa iliyotupwa mtoni. Kwamba wenye kumbi waliikata vipande kwa kuwa ni ndefu.

"Na yeye mwenyewe, ikawaje?"

"Hapa hawasemi, papa. Banasema tu hakutengeneza ingine."

Nikarudi nyumbani sijui nilipita njia gani. Mke wangu alinikuta nimekaa na shati jipya sijalivua.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba sijui."

"Baba, ile filamu ya kwanza kabisa ya Kihindi. Ulisema yule ni dada yake. Mimi nikamwangalia anavyomshika mkono. Kaka na dada wanashikana vile?"

"Mbona hukusema? Miaka yote hiyo?"

"Uliniuliza?"

Hilo lilinipiga kuliko kelele za watu. Nilidhani nimemficha mke wangu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinificha mimi, ananifunika kama mtu anavyomfunika mlevi kwa shuka. Alhaji naye akapiga simu kutoka Kibondo kabla sijala: "Nasikia mwanamke amekuangusha mieleka." Nikamkatia.

Banda nililifunga wiki mbili. Sikupita sokoni. Nilikwenda shamba nikapalilia mihogo ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Nilikuwa nasikia ile sentensi ya ugali kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kike, na kicheko baada yake. Mimi ni mtu mgumu, sijutii mengi. Ile ninaijutia.

Wiki ya tatu nikamfuata yule mama kwenye meza yake ya vitenge. Sikuomba radhi kwa maneno, sijui namna. Nilisema, "Jumapili mchana njoo uisome tena. Walioikosa waione."

Akakunja kitenge kwanza. "Na weye utakuwa wapi?"

"Kwenye benchi."

"Hapana. Miye nikisoma, batu banalala. Nimeona. Weye ukisema, banacheka vibaya. Simama karibu. Maandishi ni yangu. Ile haikuandikwa, ni yako. Lakini uniulize kwanza."

Niulize kwanza. Mwanamke yule hajafika Tanga, hakumjua kinyozi yeyote. Tulikaa siku mbili kwenye sebule yangu, yeye, mimi na mke wangu na maharage yake, tunasimamisha picha ubao kwa ubao. Nilimuuliza kila kitu. Ilinichosha kuliko mkonge.

Jumapili hiyo watu walikuja wachache. Alisoma, nami nikasema yale yaliyo kati ya maandishi: huyu amechoka, huyu anatafuta mtoto. Yule jemadari sikumpa sauti yoyote. Mama mwenye sufuria alipotokea nilinyamaza kabisa, akasema yeye. Hakuna aliyecheka. Wawili walitoka katikati wakasema inachosha.

Kibao cha mlangoni nimekipaka rangi juu. Siitwi tena Mtafsiri na watu wazima, vijana wengine huniita hivyo kwa kunichokoza, na mchinja nyama ananiita kwa jina langu la kuzaliwa, ambalo nilidhani amelisahau. Jumapili anasoma mama, kwa zile filamu za Kifaransa tunazozipata, na kibali chake cha kutoka kambini kikikataliwa hatuonyeshi. Jumamosi ninasema mimi. Kabla sijaanza ninawaambia: "Jamani, hapa lugha siijui. Haya ni yangu mwenyewe." Nilidhani nikisema hivyo benchi zitabaki wazi. Jumamosi wanajaa kuliko Jumapili. Wanajua ni uongo, nimewaambia kwa mdomo wangu, na wanakuja, na wanalia. Hilo sijalielewa, na mtu asijidai kunielewesha.

Basi, nilivyo navyo leo ni hivi. Banda moja la mabati, benchi kumi na nne. Televisheni mbili, moja ina ufa. Spika mbili. Jenereta moja, na umeme upo. Kipaza sauti kimoja, tunakitumia wawili. Diski nyingi, filamu bubu ni moja. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Ekari tatu za mihogo na maharage Kitanga, mbili hapa. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Mke mmoja. Watoto sita, wote wanajua kusoma. Migomba sijaihesabu.